Mlango wa Likunja

Mwalimu wetu wa taipu hakuweza kupita kando ya kitu bila kukigusa. Sokoni Nachingwea wauza sufuria walimjua, wauza vitenge walimjua, na mwenye bucha akimwona anakuja alisogeza kisu upande wa pili wa gogo. Si kwamba Mwalimu hakuwa mnunuzi. Alinunua. Ila kabla ya kununua ilikuwa lazima aiguse ile ndoana ya kuning'inizia nyama, aitikise kidogo, kisha aulize, "Mtu akiivuta hii, inakuwaje?"

"Mwalimu, unanunua maini au unafanya ukaguzi?"

"Nusu kilo. Na ndoana je?"

"Ndoana haiuzwi."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi, na njia nzima ya kurudi aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini: ndoana haiuzwi, ndoana haiuzwi. Alikuwa akikusanya majibu. Wakati ule sisi wanafunzi wake tulidhani ni tabia tu ya mwanamke aliyeishi peke yake muda mrefu. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa kazini.

Darasa lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya bati, na ndani yake mashine za kuchapa zimepangwa kama madawati ya shule. Tuliokwenda kwake tulikuwa vijana tuliomaliza kidato cha nne, tunasubiri matokeo, na wazazi hawakutaka tusubiri tumelala. Alitufunika mikono kwa kipande cha khanga ili tusione herufi. "Macho ukutani, vidole kazini," alisema, na ukiinamisha shingo kuchungulia, aliigonga meza yako kwa rula, hakukugonga wewe. Katika kuchapa alitaka tusiangalie kitu. Katika mambo mengine yote ya dunia alitaka tuangalie kila kitu. Sikuwahi kumsikia akieleza mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja, wala hakuonekana kusumbuliwa nayo.

Alikuwa mkarimu wa chai na mchoyo wa majibu. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kwenye chupa ya maua mekundu, na yeyote aliyeingia alimiminiwa. Lakini ukimwuliza jambo ambalo ungeweza kulitafuta mwenyewe, alikutazama kwa huruma akasema, "Nikikuambia, nimekuibia."

Yote haya yalianzia kwenye kompyuta ya mtumba. Ilikuja miaka ya elfu mbili mwanzoni, kutoka kwenye ofisi ya mradi uliofungwa, na Mwalimu aliichukua kwa nia njema kabisa ya kutufundisha kuchapa kisasa. Ndani yake mtu alikuwa amesahau mchezo. Haukuwa wa kukimbia wala kupiga risasi. Ilikuwa picha ya mji wa mbali wenye theluji, na kijana mwenye kofia aliyekuwa akitafuta saa ya babu yake. Ulisogeza kipanya, mshale ukafika juu ya kitu, ukabonyeza, na kile kitu kikajibu. Ukibonyeza kisima, yanatokea maandishi: maji yameganda. Ukibonyeza mbwa: hapendi wageni. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Mwalimu aliyasoma kwa Kiswahili kwa sauti ya baridi isiyo na furaha wala hasira. Tuliiita sauti ya mchezo.

Mji wetu ulikuwa na umeme wa saa chache, na saa hizo zilipofika chumba kilijaa. Wanafunzi tulikuwepo. Fundi Saidi, aliyekuwa na cherehani barazani kwa jirani, aliacha suruali za watu zikiwa na mguu mmoja akaja. Bi Esha muuza maandazi, bibi mwenye Kimwera kingi na Kiswahili cha kuokoteza, alikuja na beseni lake akakaa karibu na mlango, kwa sababu alisema mahali penye watu wengi ndipo penye biashara.

Tulikwenda vizuri mpaka tukafika jikoni kwa bibi kizee. Katika mchezo ule kijana anaingia kwenye nyumba, na ndani bibi amelala kwenye kiti. Ukutani kuna upawa umetundikwa. Hapo tulikwama. Tulikwama kwa wiki nyingi. Tulimbonyeza bibi kichwani, begani, miguuni, na kila mara Mwalimu alisoma jibu lile lile: "Amelala." Tulibonyeza paka ili alie amwamshe. Tulibonyeza mlango tutoke tuingie upya, labda mara hii tungesikika.

"Kabisheni hodi," alisema Bi Esha.

"Hakuna mahali pa kubishia hodi, bibi," alisema Fundi Saidi. "Kuna mshale tu."

"Sasa ameingiaje, huyo mtoto?"

Jioni moja Fundi Saidi alikuwa akiegemea meza, anaeleza kwa nini kola ya kijana yule ilikuwa imeshonwa vibaya, kiwiko chake kikakigonga kipanya. Mshale ukaangukia kwenye upawa. Kijana mwenye kofia akanyoosha mkono, akautoa upawa ukutani, akautia kwenye mkoba wake. Bibi aliendelea kulala.



"Mwizi," alisema Bi Esha.

"Si mimi," alisema Fundi Saidi. "Kiwiko."

"Na kiwiko cha nani?"

Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba tulitakiwa kuiba. Wiki zote zile upawa ulikuwa mbele ya macho yetu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiri kuuchukua, maana mwenyewe alikuwa amelala na hatujamwomba. Bi Esha alibeba beseni lake akaondoka, na hakuja tena kutazama mchezo wowote wa Mwalimu. Sisi wengine, nasema kweli, tulisherehekea. Kuanzia siku hiyo tulikuwa watu wapya: tuliingia nyumba za watu, tukabonyeza kila kilichoning'inia, tukachukua kila kilichochukulika.

Mwalimu hakusherehekea. Alikuwa amekaa anautazama ukuta ule wa kwenye picha, ukiwa na msumari mtupu.

"Aliyetunga huu, kwao hawabishi hodi," alisema. Kisha, "Lakini ni nani? Anautungaje?"

Swali hilo lilitushika wote kama homa. Mashabiki wa mpira hubishana nani amefunga. Sisi tulibishana jinsi mchezo ulivyotengenezwa. Fundi Saidi alishikilia kuwa ni filamu iliyokatwa vipande kwa mkasi, kama kitambaa, na ukibonyeza unaunganisha. Mwanafunzi mwenzetu mmoja aliamini kuna mtu Ulaya anatuona na anatujibu, na kwa hiyo alichana nywele kabla ya kuja. Mimi niliamini ni kitabu ambacho mtu amekiandika chote kisha akakichana, akaficha kila sentensi chini ya kitu. Nililipenda wazo langu hilo hata nikashindwa kulala.

Mwalimu hakubishana, alipima. Aliacha kutafuta saa ya babu, akaanza kubonyeza vitu visivyo na maana. Alibonyeza mbingu, akabonyeza theluji, na siku moja akabonyeza mkia wa paka. Sio paka, mkia. Mchezo ukajibu: huo ni wake, mwachie.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mnaona? Kuna mtu alikaa mahali, na chai yake pembeni, akawaza kwamba ipo siku mtu atagusa mkia. Hanijui. Hajawahi kusikia Nachingwea. Lakini aliniwazia."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo kuhusu kazi ya kuandika, na sijapata maelezo yanayoizidi hiyo.

Fundi wa kompyuta alipopita kutoka Mtwara, Mwalimu alimkamata kwa chai. Akamwuliza mchezo unakaaje humo ndani. Fundi alikuwa na haraka ya basi. "Ni picha, Mwalimu, na nyuma ya picha kuna maneno. Akigusa hiki, sema hiki. Akiwa na ufunguo, sema vile. Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Kwa hiyo hata mimi naweza."

Fundi alicheka kwa adabu, akamaliza chai. Muda si mrefu umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu isiyo ya kawaida, kompyuta ikatoa moshi na harufu ya mpira. Saa ya babu hatujaipata mpaka leo. Fundi Saidi aliomboleza kwa sauti, lakini Mwalimu alikuwa tayari anazing'oa ukutani kalenda za miaka iliyopita, anazigeuza upande mweupe.

Mchezo wake uliitwa *Kinu Kilichoazimwa*. Ulikuwa wa makaratasi. Picha kubwa alizichora kwa kalamu za rangi nyuma ya kalenda, na nyuma ya meza akakaa yeye na kadi zake, kadi nyingi, kila moja na jibu lake. Wewe mchezaji ulishika spoku ya baiskeli, ndiyo mshale wako. Kwenye picha, wewe mwenyewe ulikuwa kifuniko cha soda, ndicho kilichotembea. Ukigusa kitu kwa spoku, Mwalimu aliitafuta kadi yake, akaisoma kwa sauti ya mchezo. Hakukuwa na umeme wa kusubiri.

Kisa chenyewe kila nyumba ya kwetu inakijua. Ngoma ya mjukuu inakaribia, unga unatakiwa, na kinu cha nyumba hakipo. Kiliazimwa na jirani. Jirani naye alikiazimisha kwa shemeji yake wa Naipingo, shemeji akakiazimisha kwa mtu mwingine, na mchezaji anakifuata kinu nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, kuelekea Ruangwa. Tulipogusa bucha ya sokoni, tukagusa ndoana, sauti ya mchezo ikajibu, "Ndoana haiuzwi." Mwenye bucha mwenyewe alikuwepo siku hiyo. Alifurahi kama mtu aliyesikia jina lake redioni, na tangu hapo Mwalimu aligusa alichotaka kwenye gogo lile.

Na mchezo ulikuwa na sheria moja: hakuna anayekujibu kabla hujamsalimu. Kwa mzee ukisema habari badala ya shikamoo, kadi ilisomeka, "Anatazama pembeni." Fundi Saidi alikwama siku nzima nyumbani kwa shemeji wa Naipingo kwa sababu hiyo, akidai shemeji ni kiziwi.

Tulifika Likunja. Hapo ndipo nyumba ya mwisho ilipokuwa, nyumba ndogo yenye mlango wa bluu, na kadi yake ya kwanza ilisema: "Kutoka ndani unasikia kinu kikitwangwa." Kinu chetu. Tulipiga makofi.

Kisha mlango haukufunguka.

Tulibisha hodi. "Kimya. Kinatwangwa." Tukabisha ya pili, tukabisha ya tatu. "Kimya. Kinatwangwa." Tuligusa kitasa, bawaba, dirisha, paa, kuku wa uani. Tulijaribu vitu tulivyokusanya njiani: ufunguo wa shemeji, ngazi ya mwalimu mkuu, hata jiwe. Kwa jiwe kulikuwa na kadi maalumu: "Wewe ni nani hata uvunje?" Kila jaribio lilikuwa na jibu, kwa hiyo tulijua ametuwazia, na kwa hiyo tulijua jibu lipo. Miezi ilipita. Korosho ziliokotwa, mabibo yakaoza chini na kunukisha mji mzima, na sisi tulikuwa mlangoni Likunja. Kila tulipokutana Mwalimu aliweka kifuniko cha soda pale pale tulipokiacha, mbele ya mlango wa bluu, na sisi tulichukua spoku tukaanza tena kugusagusa.

"Mwalimu, unatubania," alisema Fundi Saidi. "Nitakushonea gauni bure. Na mfuko ndani."

"Nikikuambia, nimekuibia."

"Niibie tu, mama. Nimeridhia."

Alicheka, lakini nilianza kuona jambo usoni mwake. Siku moja nilibaki nyuma kusaidia kufunika mashine, nikamkuta anautazama mlango wake mwenyewe kama mtu anayeangalia chakula alichopika na hakuna aliyekila.

"Binti," aliniambia, "mtunzi yeyote anaweza kutega watu wakashindwa. Hilo si ufundi. Nikichimba shimo barabarani si watu watatumbukia? Mlango ambao hakuna hata mtu mmoja anayeufungua si mlango. Ni ukuta niliouchorea bawaba."

"Kwa hiyo tuambie tu, Mwalimu."

"Nikiwaambia, sitajua kamwe kama ulikuwa mlango."

Hicho ndicho kilichokuwa kinamsumbua, na hakuna chai wala gauni ambalo lingekimaliza. Kama mmoja wetu angeufungua kwa akili yake, Mwalimu angekuwa mtunzi wa mchezo, ndugu wa yule mtu wa mkia wa paka. Kama hakuna, angekuwa mwalimu wa taipu aliyeharibu kalenda.

Matokeo yalitoka, nikaenda shule ya mbali, kisha chuo, kisha nikaanza kuandika. Nilimkumbuka mara nyingi kwenye dawati langu. Nikiandika mtu anaingia chumbani, nilisikia spoku ikigonga meza: na hicho kiti, akikigusa? Na hilo pazia? Wahariri wangu hulalamika kwamba vyumba vyangu vina vitu vingi. Waende Nachingwea.

Nilisikia kwamba darasa limefungwa, watu wameacha kujifunza mashine za kuchapa, na Mwalimu amehamia Mbekenyera kwa ndugu zake, ana shamba la ufuta na anawachapia watu barua zao. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Ruangwa kwa harusi ya rafiki. Nikapanda bodaboda.

Dereva alinishusha mbele ya nyumba ya matofali yenye maboga uani. Kabla sijafika mlangoni niliisikia: ta-ta-ta-ta, mashine ya kuchapa, kasi ile ile, na kengele yake ndogo mwisho wa mstari. Moyo wangu ulicheka. Nikabisha hodi. Ta-ta-ta. Nikabisha ya pili kwa sauti zaidi. Ta-ta-ta, kengele. Nikabisha ya tatu.

Sasa, mtu aliyelelewa kwetu, hodi tatu zikipita, hana la kufanya. Hasukumi mlango, hachungulii dirishani. Anaondoka. Kwa hiyo niliondoka. Nilikwenda dukani ng'ambo ya barabara, nikaagiza soda, nikakaa kwenye benchi.

"Umemkosa Mwalimu?" aliuliza mama mwenye duka.

"Yupo. Anachapa."

"Ahaa. Akichapa huyo hasikii mtu. Kunywa soda yako, akimaliza utarudi."

Nilifungua soda. Kifuniko kikabaki kwenye kiganja changu. Nilikitazama, kisha nikatazama nyumba ile ng'ambo, na mashine ikilia ndani yake, na ninaweza kusema kwamba soda ile sikuinywa.

Mashine iliponyamaza nilivuka barabara nikabisha hodi moja.

"Karibu."

Alikuwa amepungua mwili na nywele zilikuwa nyeupe, lakini miwani ilikuwa ile ile, na chupa ya maua mekundu ilikuwa mezani. Nilimsalimia, akaitikia, akanishika mkono muda mrefu akiugeuzageuza kana kwamba huenda una kitu chini yake.

"Umefika sasa hivi?"

"Nilifika muda kidogo, Mwalimu. Ulikuwa unachapa. Nilibisha hodi tatu, nikaenda dukani kungoja."

Aliacha kuugeuza mkono wangu.

"Kinu bado unacho?" nikauliza.

Alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Kalenda zilikuwa zimepauka, lakini mlango wa Likunja ulikuwa bado wa bluu. Alizitandaza mezani, akapanga kadi zake, akanipa spoku. Niliweka kifuniko changu cha soda mbele ya mlango.

"Hodi," nilisema.

"Kimya. Kinatwangwa." Sauti ya mchezo ilikuwa ile ile.

"Hodi. Hodi."

"Kimya. Kinatwangwa."

Sikuugusa mlango. Nilikisukuma kifuniko kwa spoku, nikakirudisha njiani, mbali na nyumba, mpaka kwenye kisima alichokuwa amekichora pembezoni mwa picha. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kurudi kisimani. Tulikuwa tumejifunza vibaya kwenye ule mji wa theluji. Tulidhani aliyeshindwa kuingia hajagusa vya kutosha.

"Unafanya nini hapo?" sauti ya mchezo iliuliza. Kadi hiyo sikuwahi kuisikia.

"Nangoja amalize. Anayetwanga hasikii hodi."

Mwalimu alivua miwani. Aliifuta kwa khanga, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasoma, taratibu sana, kadi iliyokuwa mpya kabisa kwa sababu haikuwahi kushikwa: "Kinu kimenyamaza."

Nilirudi mlangoni, nikabisha, naye akaigeuza kalenda ya mwisho.

Kilikuwa chumba. Katikati kilikaa kinu chetu. Pembeni yake mwanamke ameketi mezani, na mezani kuna kalamu za rangi, gundi, mkasi, kalenda iliyogeuzwa, kadi moja iliyoandikwa nusu, na chai imemiminwa. Dirishani alikuwa amechora watu wakichungulia: mmoja na utepe wa cherehani shingoni, mmoja na beseni, wengine na khanga mikononi. Miaka yote tulikuwa tukiuliza michezo hii inatengenezwa wapi na nani. Alikuwa ametuwekea jibu nyuma ya mlango, pamoja na sisi wenyewe.

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliinyoosha spoku moja kwa moja kwenye kinu.

"Cha mtu hicho," ilisema sauti ya mchezo. "Umemsalimu mwenyewe?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikaigusa ile picha ya mwanamke. "Shikamoo, mama."

Aliiweka kadi chini. Hakuisoma, aliijua.

"Marahaba, mwanangu. Nimemaliza kutwanga siku nyingi. Mbona mmechelewa?"

Kisha akanimiminia chai, akakaa anautazama mlango wake uliofunguka, akitabasamu peke yake. Nilipokuwa nusu ya kikombe alinigusa mkono kwa ncha ya spoku.

"Na Saidi," alisema, "yeye usimwambie."